Mpera wa Ghorofani

Mgeni aligonga mlango Jumapili asubuhi, Funguo akiwa anachovya mkate kwenye chai.

Hakuna mtu aliyewahi kugonga mlango ule siku ya Jumapili. Jengo lile ni la ofisi. Jumapili lifti huzimwa, mlango mkubwa wa kioo hufungwa, na ghorofa zote hubaki kimya. Wanaobaki ndani ni familia moja tu, ya msimamizi wa jengo. Wanaishi katika vyumba viwili vya nyuma, karibu na jenereta. Wapangaji humwita msimamizi huyo Funguo, kwa sababu ya rundo la funguo linalolia kiunoni mwake kila anapotembea. Mkewe anauza chai kwenye kantini ya chini, kwa hiyo yeye ni Mama Kantini. Mtu wa tatu ni mama mzazi wa Funguo. Huyo kila mtu humwita Bibi, hata wakurugenzi wenye tai.

Funguo alifungua mlango huku anatafuna.

Nje alisimama mwanamke wa makamo. Hawakuwahi kumwona. Nywele zake zilikuwa nyeupe upande mmoja tu. Hazikuwa mvi, ilikuwa chokaa. Mikononi alishika jalada la faili kama mtu aliyebeba sinia, na juu ya jalada kulikuwa na kipande cha plasta ya dari chenye ukubwa wa sahani. Kilikuwa kimelowa chapachapa.

"Hamjambo? Samahani kwa kuwakatiza chai," alisema. "Nimekuja kurudisha hiki. Nadhani ni cha kwenu."

Funguo aliitazama plasta. Kisha akamtazama mwanamke. "Umeingiaje humu?"

"Kwa mlango, kaka. Mwenye jengo alinipa ufunguo jana jioni. Mimi ndiye mpangaji mpya wa ghorofa ya juu. Nilikuja kupanga vitabu vyangu mapema, na dari ikaamua kunipokea."

Mama Kantini alicheka, halafu akajiziba mdomo. "Pole, dada. Umeumia?"

"Iliyoumia ni meza. Mimi nimepakwa poda tu." Akajifuta nywele. "Lakini niambieni jambo moja. Juu ya ofisi yangu kuna nini?"

Funguo alitafuna mkate ambao alikuwa ameshaumeza. Mama Kantini aliangalia kikombe. Bibi ndiye aliyejibu, akiwa ameketi palepale kitandani.

"Juu ya ofisi yako kuna shamba langu," alisema. "Karibu chai, mwanangu."

*

Shamba lile lilianza na mbegu chache.

Bibi alipofiwa na mume, nyumba yake iliuzwa, naye akaja kukaa kwa mwanawe. Alikuja na sanduku moja la nguo. Ndani ya pindo la nguo alikuwa amefunga mbegu za mpera. Mpera huo ulikuwa nyuma ya nyumba yake. Mumewe aliupanda mwaka waliooana.

Miezi ya kwanza Bibi alikuwa akikaa kitandani tu. Dirisha lilitazama jenereta. Chakula alikionja na kukisogeza. Mama Kantini akimsemesha, anaitikia "ndiyo" kwa kila kitu. "Mama mkwe asiyebisha ni mgonjwa," Mama Kantini alimwambia mumewe. "Fanya kitu."

Ndipo Funguo akachagua ufunguo mmoja kutoka kwenye rundo lake na kumfungulia mama yake mlango wa kwenda juu ya paa. Paa lilikuwa bapa, la zege, pana kama uwanja. Hakuna aliyelitumia. Bibi alipanda mbegu zake kwenye kopo. Mbegu moja iliota. Kisha akapanda mchicha kidogo kando ya kopo, ili mpera usiwe mpweke. Baada ya mchicha zikaja bamia, nyanya, vitunguu na mnanaa. Udongo ulipandishwa kwa ndoo, gunia baada ya gunia. Bibi akaanza kula. Akaanza kupiga hadithi na wafagiaji. Akaanza hata kugombana na mkwewe juu ya chumvi, jambo lililomfurahisha sana mkwe mwenyewe.

Kwa hiyo asubuhi ile, mgeni alipoomba kupelekwa juu, watu wote watatu walipanda ngazi na mioyo mizito.

*

Mgeni alisimama mlangoni mwa paa akatazama pande zote. Mchicha ulikuwa umestawi. Nyuki walizunguka maua ya bamia. Katikati kabisa ya paa, ndani ya pipa la chuma, mpera ulisimama ukifika kiunoni mwa mtu.

"Nani amefanya haya yote?"

"Mimi," alisema Bibi.

"Ni mazuri sana, bibi. Sisemi kwa kukufurahisha." Akaangalia chini, kwenye zege. "Na yanatisha sana. Kazi yangu ni uhandisi wa majengo. Kama ningekuwa muuza vitambaa, leo ningelala usingizi mzuri."

Mhandisi aliinama. Udongo ulikuwa umemwagwa moja kwa moja juu ya paa, ukazungushiwa matofali ili usitoke. Palepale katikati ndipo ulipokuwa mnene zaidi.

"Mbona mmeweka katikati?" aliuliza.

"Ndipo penye jua," alisema Bibi.

"Na ndipo zege linapochoka kuliko kwingine. Shikeni shuka kwa pembe, watu wanne, halafu mtu aweke jiwe katikati. Shuka inafanyaje?"

"Inabonyea," alisema Mama Kantini.

"Hata paa hubonyea, ila hamuoni kwa macho. Nguvu yake iko pale penye nguzo na kuta chini yake. Vitu vizito vikae huko. Tena hata huko, mpaka mhandisi asome michoro ya jengo na kupiga hesabu. Si kila paa linaweza kubeba bustani. Mengine yalijengwa yabebe mvua na fundi mmoja, basi."

Funguo alijitetea. "Lakini dada, udongo wenyewe ni kidogo. Mimi mwenyewe niliubeba. Ndoo ya udongo mkavu si mzigo wa kutisha."

"Ubebe tena."

Alimpa ndoo ya udongo mkavu uliokuwa pembeni. Funguo aliinyanyua kwa mkono mmoja, akaizungusha kidogo ili waone. Kisha Mhandisi akachota maji na kumimina humo polepole. Udongo ukayanywa. Akamimina tena. Ukanywa tena.

"Haya. Sasa."

Funguo aliinyanyua, bega likashuka. Akatumia mikono miwili.

"Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja," alisema Mhandisi. "Udongo ulioubeba ulikuwa mkavu. Paa linaubeba ukiwa umelowa. Wewe ulipumzika kila ulipofika juu. Paa halipumziki."

Mama Kantini alirudi nyuma hatua moja, akiangalia miguu yake kana kwamba zege lingefunguka. "Tutoke basi!"

"Tutatoka. Naomba kwanza nione hayo maji."

Kando ya ukuta mfupi wa ukingoni kulikuwa na dimbwi refu. Ndani yake viluwiluwi vya mbu vilikuwa vikipinda na kujinyoosha. Pembeni kulikuwa na kikombe cha kuchotea.

"Maji haya yanatoka wapi?"

"Mvua," alisema Bibi kwa fahari. "Paa hili lina bahati. Mvua ikinyesha, linanitunzia maji. Sina haja ya kubeba kutoka chini."

Mhandisi alisogea ukingoni. Alikunja mkono wa blauzi, akachutama, akaingiza mkono kwenye kona ya dimbwi. Alipapasa. Funguo alianza kutazama mawingu kwa makini sana, ingawa anga lilikuwa jeupe.

Mkono ulitoka na kitu kikubwa kinachochuruzika maji. Kilikuwa kipande cha sponji ya godoro, kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki kwa kamba ya buluu. Kwenye kona kukasikika mngurumo, kama mtu anayesukutua koo. Dimbwi lote likaanza kutembea kuelekea kwenye tundu.

Mama Kantini alikiangalia kile kipande. "Hilo si godoro letu?"

Funguo alizidi kutazama mawingu.

"Mume wangu, hilo si godoro letu? Si uliniambia limetafunwa na panya?"

"Mke wangu, subiri..."

"Nimeweka mitego mwezi mzima! Panya hata mmoja sijaona! Kumbe panya nalala naye!"

Mhandisi alijiziba mdomo asicheke. Bibi hakucheka. Alikuwa anamtazama mwanawe. "Wewe ndiye uliyeziba?"

Funguo aliweka ndoo chini. "Bomba halifiki huku juu, Mama. Lifti nayo ina siku zake. Nilikukuta kwenye ngazi na ndoo, umekaa, unahema. Nikakuambia acha kumwagilia, ukasema mpera utakufa. Ningefanya nini? Nikaziba tundu. Nilitaka uyakute maji tu hapa, usiulize yametoka wapi."

Bibi aliokota kile kikombe cha kuchotea. Kisha akasema taratibu, "Nami nikadhani ni bahati."

"Kaka," Mhandisi alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika, "ulifanya kwa mapenzi. Lakini tundu lile ni koo la paa. Ukiliziba, maji yanakosa pa kwenda, yanatafuta ufa. Yakipita kwenye ufa yanafika kwenye nondo, vile vyuma vya ndani ya zege. Nondo zikishika kutu zinavimba, zinasukuma zege, na plasta inaanguka. Leo imeanguka juu ya meza. Kesho meza ingekuwa na mtu."

"Utamwambia mwenye jengo?" aliuliza Funguo.

"Hapana. Utamwambia wewe. Mimi nitasimama karibu yako."

*

Mwenye jengo alikuja kesho yake. Alikuwa mzee mwenye fimbo na maneno machache. Funguo alijikaza akamweleza yote, na lile sponji akaliweka mezani.

Mzee aliligusa sponji kwa ncha ya fimbo. "Nimekupa jengo ulitunze. Wewe umelifanya birika."

"Nimekosea, mzee."

"Kila kitu kishuke. Udongo, majani, miti. Leo. Na wewe nitafikiria."

Kufikiria kwa mzee yule wote walikujua. Msimamizi aliyetangulia alifikiriwa asubuhi, jioni akawa anapakia kitanda kwenye gari. Vyumba viwili vya nyuma vilikwenda pamoja na kazi. Kazi ikiondoka, nyumba inaondoka.

"Kushuka, vishuke," alisema Mhandisi. "Nakubaliana nawe, mzee. Nami ningeomba vishuke taratibu, tuanzie katikati, na ofisi yangu ibaki tupu mpaka tumalize. Lakini baada ya kushusha, paa lako bado linavuja. Lile tabaka la lami la kuzuia maji limekufa kwa jua. Nimeliona, linamegeka kama biskuti. Hata bila bustani ungelitengeneza tu."

"Nitalitengeneza."

"Na jua litalichoma tena. Lami tupu inapasuka kwa joto la mchana na baridi ya usiku. Ikiwa na kivuli, inadumu. Na ghorofa ya juu ikiwa na kivuli haiwi tanuri. Wapangaji wangapi wamehama ghorofa ile kwa sababu ya joto?"

Mzee aliinamia fimbo yake. Ofisi ile ilikuwa imekaa bila mtu muda mrefu, na hilo lilimuuma.

"Nikipata michoro ya jengo nitapiga hesabu," Mhandisi aliendelea. "Jengo likisema hapana, nitasema hapana. Likisema ndiyo, nitachora bustani nyepesi, ya kufuata nguvu za jengo."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Hakuitwa, lakini alikuja. "Mzee mwenzangu," alisema, "mimi nilikuja hapa kufa. Sisemi uongo, muulize mkwe wangu. Paa lako ndilo lililonirudishia miguu. Nililiumiza bila kujua. Niache nilitunze nikiwa najua."

Mzee alizungusha fimbo. Alizungusha tena.

"Mpaka mvua kubwa zijazo," alisema mwishowe. "Mhandisi achore, nami nitalipia tabaka. Kazi ya mikono ni yenu. Mvua zikija, paa likivuja hata tone moja, Funguo arudishe funguo."

*

Walishusha udongo kwa ndoo, kama ulivyopanda. Wafagiaji walisaidia. Hata karani mmoja wa ghorofa ya pili, kijana mwenye shati lililopigwa pasi, alibeba ndoo mbili kisha akaketi ngazini akatafuta pumzi. "Bibi, udongo huu uliupandisha wewe?" aliuliza. Bibi akamwambia ainuke, anazuia njia.

Hesabu za Mhandisi zilitoka. Jengo lilisema ndiyo, kwa masharti.

Paa lilifagiliwa, likakauka. Plasta iliyolegea ofisini iligongwa ikatolewa yote, nondo zikasuguliwa kutu na kupakwa dawa. Mafundi walijaza nyufa. Walitandaza saruji kidogo ili paa liwe na mteremko, maji yaelekee kwenye matundu yenyewe bila kusukumwa. Juu yake wakabandika utando mpya wa lami, ukapanda hadi kwenye kuta za ukingoni, kama shuka inayochomekwa chini ya godoro.

"Sasa, kaka," Mhandisi alimwambia Funguo, "ziba matundu."

Funguo alidhani anachezewa. "Mimi? Tena?"

"Ziba. Maji ya kina cha vidole viwili tu, mchana na usiku mmoja. Tukikuta dari kavu, utando ni mzima. Hili ni jaribio, linafanywa mbele ya mhandisi, na kizibo kinatolewa kesho yake."

"Kumbe nilikuwa mtaalamu siku zote," alisema Funguo.

"Ulikuwa panya," alisema Mama Kantini. "Na leo tumia kitambaa. Godoro liache."

Dari ilibaki kavu. Vizibo vikatolewa, na kila tundu likafunikwa kwa wavu wa kuzuia majani. Kuanzia siku hiyo Funguo alikuwa na kazi mpya kila wiki: kusafisha nyavu zile kwa mkono.

Kisha ikaja bustani yenyewe. Safari hii udongo haukugusa paa. Walitengeneza masanduku ya mbao yenye miguu mifupi, ili maji yapite chini yake. Ndani ya kila sanduku waliweka plastiki nene ya kuzuia mizizi, yenye matundu machache ya kutolea maji, na juu ya plastiki kitambaa cha kuzuia udongo usichuruzike. Udongo wenyewe ulikuwa mchanganyiko: udongo kiasi, mboji nyingi, na makumbi ya nazi yaliyosagwa. Funguo alinyanyua ndoo ya udongo huo, kwanza mkavu, kisha uliolowa, akaridhika.

Masanduku makubwa yalipangwa juu ya mistari ya nguzo, ambayo Mhandisi aliichora kwa chaki. Katikati waliweka trei fupi tu za mnanaa na mimea itambaayo. Hakuna sanduku lililogusa ukuta wa ukingoni. "Mtoto atalipanda kama ngazi," alieleza Mhandisi. Ukuta wenyewe uliongezewa vyuma, ukamfika mtu kifuani.

Na maji? Bibi aliuliza hilo tangu siku ya kwanza.

Maji ya mvua sasa yalishuka kwa bomba hadi kwenye tangi kubwa uani, lenye mfuniko na wavu, mbu wasiingie. Pampu ndogo iliyapandisha asubuhi hadi kwenye tangi dogo juu ya chumba cha ngazi. Chini ya tangi hilo kuna kuta nene, zinaweza kulibeba. Kutoka hapo mpira wenye vitundu ulidondosha maji kwenye mizizi. Maganda na masalia ya kantini yaligeuzwa mboji uani. Majani makavu yalitandazwa juu ya udongo ili jua lisiunyonye.

"Kwa hiyo mimi nifanye nini?" Bibi alilalamika. "Maji yanajimwagilia, mboji inajipika. Nimestaafishwa?"

"Wewe ndiye unayejua mmea unapoumwa," alisema Mhandisi. "Mpira hauna macho."

Kilichobaki ni mpera.

Wakati wa kushusha vitu walikuta pipa lake halina kitako. Bibi alikuwa amemwambia fundi akikate, ili mizizi ipumue. Mizizi haikupumua, ilikwenda kutafuta maji chini ya lami. Walilazimika kuikata. Sasa mti ulikuwa kwenye beseni kubwa la plastiki uani, umenyong'onyea.

"Bibi, mti haupandwi juu ya paa kama hili," alisema Mhandisi. "Unakua, unakuwa mzito. Upepo huku juu ni mkali, unaushika kama tanga. Na mizizi yake umeiona."

"Mti uliouzaa huu aliupanda mume wangu."

"Najua. Ndiyo maana inanipa shida kusema."

Walitazamana. Bibi alikuwa mfupi, Mhandisi mrefu, lakini ilionekana kama wako sawa.

"Ukiwa mdogo hauna madhara?" aliuliza Bibi.

"Ukiwa mdogo, ndani ya beseni, juu ya nguzo, umefungwa kamba... hauna. Bado."

"Basi niache nikae nao kidogo. Ukinipita kimo, nitaushusha siku hiyohiyo. Nakuahidi."

Mhandisi alimpima Bibi kwa macho. "Sawa. Lakini wewe bibi, kwa umri wako, unazidi kufupika."

"Basi mti na uharakishe kufurahi," alisema Bibi, wakapeana mikono. Beseni likapandishwa paani, likawekwa penye nguzo.

*

Mvua kubwa zilianza mchana wa siku ya kazi. Zilipiga vioo kama changarawe. Funguo alipanda ghorofa ya juu na beseni, akaomba ruhusa, akaketi katikati ya ofisi ya Mhandisi, macho juu ya dari. Rundo la funguo alilivua kiunoni akalipakata.

Mhandisi aliendelea kuchora. "Kaka, dari haivuji kwa kuangaliwa, na haiachi kuvuja kwa kuangaliwa."

"Wewe fanya kazi yako, dada. Mimi yangu ni hii."

Mvua ilinyesha mpaka saa za kutoka kazini. Funguo alisikia maji yakishuka kwenye bomba ukutani, yanaenda kwa kasi, hayakawii popote. Beseni lilibaki kavu. Mwenye jengo alifika akiwa na mwavuli. Aliingiza kidole ndani ya beseni, akakisugua kwa kingine. Kisha akaangalia zile funguo mapajani mwa Funguo.

"Mbona umezivua? Mlango wa nyuma nimeukuta wazi. Nenda kafunge."

Hivyo ndivyo Funguo alivyojua kwamba amebaki.

Baada ya hapo mambo yalienda taratibu. Wapangaji walianza kula chakula cha mchana juu ya paa, kwenye benchi zilizowekwa penye mistari ya nguzo. Mhandisi alisema mchana sasa anazima feni. Mama Kantini alitia mnanaa kwenye chai, foleni ikawa ndefu. Wafagiaji walikwenda nyumbani na mchicha. Kila wiki Funguo alisafisha nyavu, na kila wiki mkewe alimwuliza kama amekuta panya.

Kisha Mhandisi akapata kazi ya daraja, mbali sana. Alifunga ofisi yake. "Nitarudi daraja likiisha," aliaga. "Huenda mwaka, huenda zaidi."

Mpera haukumngoja. Ulipona, ukachipua. Ukafika kifuani kwa Bibi, ukafika shingoni. Msimu wa maua ulipoingia ulichanua kwa mara ya kwanza, maua meupe yenye nyuzi laini, ukavutia nyuki wa mtaa mzima. Bibi alihesabu matunda kabla hayajawa matunda.

Asubuhi moja Mama Kantini alimkuta amesimama wima kando ya mti, mgongo umenyooka, kiganja juu ya kichwa.

"Mama, unafanya nini?"

"Njoo uangalie. Kuna jani lililopita?"

Mama Kantini aliangalia. Lilipita. Si moja. "Ni upepo tu umeyainua," alisema.

"Hakuna upepo."

"Basi vaa kilemba, Mama. Ukivaa kilemba unaushinda hadi mwakani."

Bibi alicheka mpaka akashika beseni. Funguo alifika, akaelezwa, naye akaleta hoja yake. "Mama, mti una maua tele. Ukiung'oa sasa yatapukutika yote. Subiri tule mapera kwanza. Mhandisi hayupo. Nani atajua? Na mti ukifa je, kwa kuhamishwa?"

Bibi alishika tawi moja, akalivuta karibu na pua yake. Hakuna aliyemharakisha.

"Nilimwambia siku hiyohiyo," alisema. "Leteni kamba."

Waliushusha kwa ngazi, kwa sababu haukuenea kwenye lifti. Funguo alishika beseni, karani wa ghorofa ya pili akashika matawi, safari hii bila kuketi. Kila kona ya ngazi ilidai maua yake. Walipofika uani, karibu na geti, shimo lilikuwa tayari. Mpera ulipopandwa, juu yake hapakubaki ua hata moja. Majani yalining'inia kama nguo zilizofuliwa.

"Mwaka huu hatuli mapera," alisema Mama Kantini polepole.

"Hatuli," alisema Bibi.

Alimwagilia shina mwenyewe, kwa ndoo, na mwanawe alimwacha. Kisha akachukua ufagio akapanda hadi juu kabisa na kuanza kufagia maua ngazini, akishuka daraja kwa daraja, mtu asije akateleza. Alipofika ghorofa ya juu alisimama mbele ya mlango wa Mhandisi. Ulikuwa umefungwa, na kitasa kilikuwa kimeshika vumbi.

Bibi alikifuta kitasa kwa pindo la nguo yake.

"Umeshuka," aliuambia mlango, kisha akaendelea kufagia.